Lifti ya Mama Shuka

Mlinzi wa mapokezi alikuwa anamenya chungwa pale mwanamke aliyestaafu udobi wa hospitali alipoingia, bahasha ya kaki kwapani, akauliza kama lifti imepona. Mlinzi akasema haijapona. Haikuwa imefanya kazi tangu jengo lizinduliwe. Mafundi walikuja, wakaifungua, wakaichungulia, wakaifunga, wakasema haina ugonjwa wowote ila haitaki kwenda. Ofisi ya mafao ilikuwa ghorofa ya tisa. Aliyeiweka huko pengine hakuwa na nia mbaya, ila hakuwa na magoti ya dobi.

Mwanamke huyo kila mtu alimwita Mama Shuka, hata wanawe. Alifua shuka za hospitali ya serikali tangu usichana mpaka mvi, na kila mwisho wa mwezi kipande cha mshahara wake kilikatwa kikapelekwa kwenye Mfuko wa Wastaafu, ambao ndio uliojenga jengo lile. Alipostaafu, Mfuko ulimwambia faili lake linashughulikiwa. Tangu hapo alikuwa akipanda ngazi kila wiki kulijulia hali, kama mtu mwenye mgonjwa wodini.

Siku hiyo aliegemea mlango wa lifti ili atoe kijiwe kilichoingia kwenye kiatu. Mlango ukafunguka. Ndani kulinukia sabuni na mvuke wa shuka zilizotoka kupigwa pasi. Aliingia, akabonyeza tisa, akapanda. Mlinzi aliendelea na chungwa lake.

Karani wa kaunta alikuwa binti mwenye kucha ndefu na sauti ya upole.

"Shikamoo, Mama Shuka. Leo mbona huhemi?"

"Marahaba. Nimekuja na lifti."

"Ahaa. Basi ukishuka utuletee naibu mkurugenzi, yuko chini na mguu wake mbovu. Faili lako liko hatua za mwisho."

"Lilikuwa hatua za mwisho kabla hujaajiriwa, mwanangu."

"Si ndiyo nasema, mama. Halijarudi nyuma."

Mama Shuka alishuka, akamleta naibu mkurugenzi. Naibu alijaribu kushuka peke yake saa ya chakula, lifti ikakataa. Akaitwa msimamizi wa jengo, naye akalieleza jambo hilo jinsi mtu anavyoeleza bomba lililoziba. Jengo lilijengwa kwa makato ya watumishi, na kila kitu mle ndani kilimjua aliyekilipia. Mwaka wa kununua lifti Mfuko ulichota makato ya watu wa hospitali, na haba na haba ya Mama Shuka ikaangukia hapo. Dirisha kubwa la ghorofa ya nne lilikuwa la tarishi mstaafu aliyeitwa Posta. Halikufunguka kwa mkono mwingine, kwa hiyo Posta alikuja kila asubuhi kulifungua na kila jioni kulifunga, watu wasife kwa joto. Faili lake nalo lilikuwa hatua za mwisho. Bomba la choo cha wakubwa lilikuwa la mwalimu mmoja aliyefariki akiwa anasubiri, ndiyo maana wakubwa walinawa kwa ndoo.

"Kwa hiyo ni yangu," Mama Shuka alisema.

"Sijasema ni yako," msimamizi alijibu. "Nimesema inakujua."

Kuanzia hapo alipewa kona ya lifti, karibu na vitufe. Mfuko ulisema hauwezi kumwajiri kwa kuwa umri umepita, lakini utampa posho ya chakula. Posho ilipokuja ilikuwa imekatwa kodi, na baada ya kodi ikakatwa mchango wa Mfuko wa Wastaafu. Mwanawe mkubwa aliishika ile karatasi ya malipo akaigeuza nyuma na mbele.

"Mama, wamekukata pensheni kwenye posho ya kusubiria pensheni."

"Watanirudishia nikistaafu," Mama Shuka alisema, akaenda kuosha vyombo.

Alikuwa akiishi kwa mwanawe huyo. Alilala kwenye kochi la sebuleni, na hakuweza kujinyoosha mpaka taarifa ya habari, tamthilia na mpira viishe. Mkwewe hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye sebule moja. Kila usiku alisema "Mama, samahani tunakuchosha," na kila usiku Mama Shuka alijibu kwamba hata yeye anaipenda tamthilia, jambo ambalo halikuwa kweli.

Alikuwa na nyumba yake. Ilikuwa pembezoni mwa mji, vyumba viwili na ukumbi, kuta zimesimama mpaka mwisho, madirisha yameachwa wazi, juu mbingu tupu. Aliijenga tofali moja moja kwa mshahara wa udobi, na paa akaliachia mafao. Matofali yalikuwa ya udongo, hayakuchomwa vizuri, na kila masika kuta zilipungua kidogo. Fundi aliyezitazama mara ya mwisho alizigonga kwa kidole, akasema zitahimili jua lolote, ila mvua nyingine hapana. Mama Shuka hakutaka kitu kingine katika uzee wake. Alitaka mabati juu ya kuta zile kabla mvua haijaanza, na kitanda ambacho angelala amenyoosha miguu saa yoyote anayotaka yeye.

Wakati huo jengo lilikuwa limeanza kujaa. Lifti ilipotembea wapangaji walikuja: daktari wa meno ghorofa ya tano, mawakili ya sita, kampuni ya bima ya saba na ya nane. Mama Shuka aliwapandisha na kuwashusha, akiwapigia hesabu ya kodi ya pango kimoyomoyo, akaona kwamba sasa hela ya mabati haiwezi kukosekana. Siku moja mkurugenzi mkuu akaingia peke yake, na mlango ulipofungwa Mama Shuka akamwuliza mafao yake yatatoka lini.

"Mfuko una upungufu, mama," mkurugenzi alisema. "Si siri. Maji yamezidi unga."

"Unga tulileta sisi. Maji kayamimina nani?"

Mkurugenzi alitazama namba zikiwaka moja baada ya nyingine. "Pango la wapangaji linalipa deni la rangi ya jengo," alisema. "Kisha serikali nayo ilitukopa kidogo. Ikiturudishia, nyinyi wa hospitali mtakuwa wa mwanzo."

"Ikirudisha kwa hela gani?"

"Ya kodi."

"Kodi si tunalipa sisi?"

"Tumefika," mkurugenzi alisema, ingawa walikuwa ghorofa ya sita. Akashuka, akamalizia kwa ngazi.

Mvua ya kwanza ilinyesha siku ya kazi. Mama Shuka hakwenda kwenye lifti. Alikwenda kwenye kiwanja chake na nailoni mbili za kuazima, akapanda ngazi ya jirani, akaanza kufunika vichwa vya kuta akivikandamiza kwa mawe. Kona ya ukumbi ilikuwa imeshalainika. Ilishuka taratibu mbele ya macho yake, bila kishindo, ikabaki lundo la tope. Alilitazama, kisha akaendelea na kuta zilizobaki, maana zilikuwa bado zimesimama.

Mjini, mgonjwa wa meno alipanda ngazi akishika shavu, na mkurugenzi mkuu aliketi ndani ya lifti isiyokwenda akisoma gazeti mpaka likaisha. Mchana wakatuma gari. Dereva alimkuta Mama Shuka juu ya ngazi, akamwambia kwamba anahitajika sana, na kwamba apanguse miguu kabla ya kupanda gari.

Alifika mapokezi na tope mpaka magotini. Hakuingia kwenye lifti. Alisimama nje ya mlango wake, mkurugenzi, mawakili na watu wa bima wakimsubiri.

"Sitaki yote," alisema. "Nipeni ya mabati tu, leo. Ukuta umeanguka."

"Pole sana," mkurugenzi alisema. "Lakini sheria hairuhusu kulipa mafao nusu."

"Basi lipa yote."

"Yote hayapo."

Mtu mmoja wa bima alicheka, kisha akaona hakuna anayemsaidia, akaacha. Posta alikuwa ameshuka kutoka dirishani kwake kuja kusikiliza, kofia mkononi.

"Subira huvuta heri, mama," mkurugenzi alisema kwa sauti ya chini, na haikuwa ya kejeli. Pengine aliamini.

Mama Shuka alikasirika. Hakuwa mtu wa hasira. Alikuwa ameviona vitanda vingi vya wagonjwa, akajua kelele hazisaidii. Lakini pale machozi yalimtoka mbele za watu, jambo lililomwuma kuliko ule ukuta. "Nilifua damu zenu," alisema. "Mama zenu walipojifungua, baba zenu walipokufa, nilifua. Hakuna siku niliyowaambia mje kesho."

Mama Shuka akaweka kiganja kwenye mlango wa lifti, akauambia baki salama, akaenda zake kwa miguu, kwa sababu gari lilikuwa la kumleta tu.

Alipofika kiwanjani, mvua imekuwa manyunyu, jirani yake alikuwa anafagia maji mlangoni pake.

"Mama Shuka, lifti yako imetangulia," jirani alisema. "Imekaa ukumbini. Nimewatoa kuku ndani."

Ilikuwa imesimama katikati ya kuta, pale ambapo angeweka meza, mlango wazi na taa inawaka. Mama Shuka alimshukuru kwa kuwatoa kuku, akarudisha ngazi ya watu, akaingia. Ndani kulikuwa kukavu.

Mwanawe alileta vitu vyake jioni ile ile. Godoro halikuingia, wakalikata. Hata hivyo halikutosha kulaliwa ila kwa kukunja magoti. Kibao kilichopigiliwa ukutani kilisema chumba kinatosha watu wanane. Hakikusema wakiwa wamesimama au wamelala. Mkwewe alisimama nje akiwa na mwavuli, akalia kidogo, akasema, "Mama, urudi tu nyumbani." Mama Shuka akasema hapa ni nyumbani, na kwamba salamu zake ziifikie tamthilia.

Kule mjini mlinzi alibandika karatasi kwenye tundu lililobaki, ameandika LIFTI IMESTAAFU. Mfuko haukuja kuidai. Aliyekuja ni ofisa wa kodi ya majengo, kijana mwenye adabu na futi ya chuma. Alipima kuta, akaandika. Akaingia kwenye lifti, akahesabu vitufe.

"Mama, hii ni nyumba ya ghorofa tisa," alisema.

"Baba, unaona ghorofa hapa?"

"Mimi nafuata vitufe. Inafika?"

Mama Shuka hakuwahi kujaribu. Akabonyeza tisa. Lifti ikapanda kama kawaida yake, mlango ukafunguka, na mbele yao kulikuwa na kaunta, na karani anapaka rangi kucha.

"Inafika," ofisa alisema, akaandika kodi ya ghorofa tisa. Aliongeza kwamba ikicheleweshwa kulipwa ina faini, kisha akashuka kwa ngazi za huko, kwa kuwa ofisi yake ilikuwa karibu.

Toka siku hiyo Mama Shuka hakulipa nauli tena. Kila asubuhi aliamka, akasugua magoti mpaka yakakubali kunyooka, akabonyeza tisa, mswaki ungali mdomoni.

"Shikamoo, Mama Shuka."

"Marahaba. Vipi mgonjwa wangu?"

"Hatua za mwisho, mama. Jaribu wiki ijayo."

"Na kodi nitalipa kwa hela gani?"

"Hiyo ni ofisi nyingine."

Kisha alibonyeza sifuri, akashuka kwake. Masika yalikuwa yamekolea. Alifunga mlango, akasikiliza kuta zake zikimeguka nje, leo za chumba cha kwanza, kesho za cha pili, akajilaza upande na kuvuta magoti kifuani, maana hakukuwa na namna nyingine ya kulala mle.