Filta Nyeupe

Mtu akikwambia gari la dizeli ni mali, mwambie aje alale uani kwangu wiki moja. Marehemu baba alituachia pikapu iliyooza sakafu, milango imefungwa kwa kamba za nyavu, na mdogo wangu Luqmani akajifanya fundi. Tangu hapo ua wetu hapa Bweni si ua tena. Mchanga mweusi. Kuku weusi, na walizaliwa weupe. Sufuria yangu kubwa ya shughuli, ile ya pilau, niliikuta chini ya injini imejaa oili chafu, nzito, na mende wawili wanaelea humo. Nilitapika. Wallahi nilitapika palepale, jirani anatazama.

"Dada, nitaisugua kwa majivu," akaniambia.

"Isugue ukapikie mkeo!"

Na hana mke. Nani ataolewa na mtu anayenuka hivyo? Ufundi wenyewe kajifunza kwenye simu. Kila akifungua kitu, akikifunga inabaki nati moja, anaitumbukiza kwenye kopo langu la sukari. Ptuu!

Lakini wiki ile nilimeza nyongo yangu, hata tochi nikamshikia, kwa ajili ya mama. Mama yetu, Bi Kijakazi, mtoto wa jicho amemziba macho yote mawili. Madaktari wa macho walikuwa wamekuja kutoka Dar hospitali ya Kilindoni, upande wa pili wa kisiwa, wanapasua, na wiki ikiisha wanaondoka. Mama alikuwa amezisubiri habari hizo tangu mwaka juzi. Wala hakuwa akisema anataka kuiona bahari au jua. Alikuwa akisema, "Nimechoka kula nisichokiona."

Na ana haki. Ramadhani iliyopita alikunywa uji wenye nzi. Nilimwona nzi yuko mdomoni mwake tayari, nikachelewa kumzuia, akamtafuna. Mama yangu mimi! Mwanamke aliyenifundisha kinyaa, aliyekuwa akichambua mchele mpaka unakwisha, asiyekula kwa watu mpaka ajue nani kapika. Sasa kila tonge anauliza hiki nini, na sisi wengine tuna haraka, tunamjibu tu, kula mama.

Pikapu nayo ikachagua wiki hiyohiyo kuharibika. Pampu ikawa inavuja dizeli, Luqmani akalala chini ya gari siku nzima nzima, anafungua, anafunga, anatukana kimoyomoyo. Bodaboda mama hawezi, nyonga yake haikunjuki. Gari la abiria la Mzee Shamte lilikuwa juu ya mawe huko Kirongwe, halina hata gurudumu. Tulikuwa na uchafu huu wetu, basi.

Alhamisi jioni injini ikakubali. Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya madaktari.

"Tangi limejaa," Luqmani akasema, anajifuta mikono kwa kitu. Nikatazama. Kanga yangu.

"Dizeli umepata wapi? Dukani kwa Sudi hamna hata tone, mapipa yamekwama Kilindoni."

"Nimepata, dada."

Sikumuuliza zaidi. Nilikwenda kuosha mikono, maana hata tochi ilikuwa inateleza kwa grisi.

Mama aliamka kabla ya jogoo. Nilipomaliza kuswali nilimkuta ameshakaa kiti cha mbele cha gari, kaoga, kavaa doti mpya ambayo haijaingia maji, chupa ya chai mapajani. Nikapanda katikati, gia baina ya magoti, na Luqmani akawasha. Ilikuwa kipupwe, kusi linavuma, baridi ya kutetemesha meno, na wingu limetanda kote. Injini ikakohoa sana kabla ya kushika.

Tulipokipita kijiji cha Kanga pikapu ikaanza kukosa nguvu. Ikasinzia, ikashtuka, ikasinzia, ikazima.

Luqmani akafungua boneti, akaitoa filta ya dizeli. Nikamulika kwa simu. Lo! Ndani mlikuwa na kitu cheupe, kizito, kimegandiana kwenye karatasi ya filta kama shahamu ya mchuzi wa mbuzi uliolala. Nikakisogelea na pua yangu. Dizeli, na nyuma ya dizeli harufu nyingine ninayoijua tangu utoto, iliyochacha.

Mwanamke gani wa kisiwa hiki asiyeijua? Mwezi kama huu chupa ya mafuta ya nywele huganda, huwezi kumimina mpaka uianike juani. Mtoto wa chekechea anajua.

"Luqmani. Hii nazi."

Akawa anaigeuzageuza filta mkononi.

"Umetia mafuta ya nazi kwenye gari? Kipupwe hiki?"

"Nitasafisha, dada. Nishikie hii."

Hakutetea nafsi yake. Hilo lilinitia hasira zaidi. Akawa anakomba ule uchafu kwa kidole, anaupangusia majanini, kisha akaimwagia filta chai ya mama ya moto, chupa nzima. Akairudisha, akasukuma kile kitufe cha pampu ya mkono mpaka hewa ikatoka. Ikawaka. Tukaenda kidogo, ikazima. Akafungua tena: nyeupe. Manyunyu yakaanza. Tukaenda tena kidogo, ikazima tena, na filta ni ileile, nyeupe.

"Mwanamume mzima," nilimwambia, "baba angekuona angefufuka akuchape. Fundi! Fundi wa kuokoteza! Ungetia mkojo wako humo tungefika mbali zaidi."

Anainamisha kichwa tu, anafungua nati.

Mara ya nne ukaziba mpira unaotoka kwenye tangi. Alijaribu kuuvuta kwa mdomo akashindwa, alikuwa anajikunyata na kutapika mate. Nikamnyang'anya. Mimi, ninayeosha kijiko kabla ya kula na baada ya kula! Nikautia mpira ule mdomoni, una mchanga na mate yake, nikavuta. Bonge likaja. Likaniingia lote, likanigandia kwenye kaakaa, utelezi, uchungu wa dizeli na uchachu wa nazi kwa pamoja, likakataa kutoka. Nililitoa kwa vidole. Nikatapika mpaka nikaona nyota.

"Tumefika wapi?" mama akauliza kutoka garini.

"Karibu na Kirongwe, mama."

"Na jua je?"

"Halijatoka, wingu."

"Litoke tu," akasema. "Yarabi, litoke."

Saa tano ilikuwa imeshapita simu ikalia. Alikuwa Aziza, binti wa mama mdogo, mfanya usafi pale hospitali. Yeye ndiye aliyekuwa ametushikia nafasi tangu asubuhi.

"Da Sihaba, msije tena," akasema. Simu yangu ina sauti ya kupayuka, kila mtu anasikia. "Wameshafunga masanduku, ndege inawasubiri. Nimewaomba, nimewapigia magoti. Wanasema labda mwakani, Mungu akipenda."

Mwakani! Mama ana miaka mingapi hata aambiwe mwakani?

Nikamgeukia Luqmani, sikumtazama usoni, kwa kinyaa sikuweza. Nikainua mikono yangu miwili inayochuruzika mafuta, nikaielekeza juu, nikaapiza kwa sauti ambayo hata waliokuwa mashambani waliisikia.

"Aliyetia uchafu huu kwenye gari hili, Mungu ampofushe macho! Asione mlango wala njia mpaka anaingia kaburini!"

"Dada, futa kauli."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kunipinga tangu alfajiri.

"Sifuti! Itikia amina!"

"Siitikii. Futa, dada. Nakuomba, nakushika miguu, futa."

"Sifuti, mshenzi wee!"

"Mwache, Luqmani," mama akasema.

Alikuwa ameshusha kioo. Uso wake ulielekea kwangu, lakini si sawasawa, ulipita kando kidogo ya bega langu.

"Ni mimi, mwanangu. Ni lile dumu langu la mafuta ya nazi, la chini ya kitanda. Dizeli ilipokosekana alikuja kuniambia safari haipo, nikalia. Nikamwambia tia haya. Akakataa, akasema yataganda. Nikamwambia yatagandaje, na injini ni moto mtupu? Akazidi kukataa. Nikamwambia usiponifikisha kesho, radhi zangu huzipati." Akaupapasa ukingo wa mlango. "Akatia. Nikamwambia usimwambie dada yako, atafoka."

Kaakaa langu lilikuwa bado na ule utando, ulimi unateleza. Luqmani alikuwa amekaa chini kwenye tope, analia waziwazi.

"Naifuta," nikasema. "Mama, naifuta. Astaghafirullah, naifuta, naifuta. Nilikuwa namwambia yeye."

"Na yeye ni ndugu yako," mama akasema. "Nimekusamehe. Panda, unalowa."

Wingu likapasuka, jua likapiga bati la boneti. Haukupita muda Luqmani akajaribu ufunguo, na shetani yule akawaka mara moja, injini tulivu, moshi unanukia kama mtu anakaanga vitumbua. Nikapanda katikati, nikaiweka mikono yangu mbali na doti ya mama. Luqmani akarudi nyuma, akakata kona, akaielekeza Bweni.

Tulikuwa tumekwenda kitambo mama alipojiweka sawa kitini, akafunga vizuri fundo la kanga yake, uso wake mbele kabisa.

"Kilindoni bado mbali?" akauliza. "Twende hivyohivyo. Labda ndege imechelewa."

Luqmani akanitazama. Mimi nikatazama barabara.

"Tumeshageuza, mama," nikamwambia.