Sakafu Isiyokandikika

Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, saa nne asubuhi, ukingo wa mto chini ya soko la Silibwet, Bomet, ulibomoka na kumchukua Rodah, mke wa Kipkurui, akiteka maji. Watu wa mradi wa mbao za mianzi walikuwa wamemaliza kukata mianzi yote ya hapo. Wakubwa wakikata kitu hawaulizi kilikuwa kinashika nini.

Baada ya mazishi, Isaiah, mwenyekiti wa mradi, alileta pole. Haikuwa ng'ombe wala unga. Ilikuwa sakafu. Fundi Ooko alipigilia mbao za mianzi ile ile juu ya udongo, akapaka vanishi, na mgeni mmoja akapiga picha.

Kusema ukweli, sakafu haikuwa mbaya. Miguu haikufa ganzi kwa baridi tena. Funza waliisha, vumbi likaisha, na kifua cha Kipkurui kikaacha kukoroma. Lakini maji yakimwagika mbao zinavimba, na ukivuta kiti kinaacha alama ya maisha.

Ubaya mwingine ulijulikana Jumamosi. Rodah alirudi na ndoo ya mavi ya ng'ombe na majivu, kukandika nyumba kabla ya siku ya kanisa, vile alizoea. Alikuwa amelowa mpaka kiunoni, na udongo wa mto begani. Akapiga magoti, akapaka. Mavi hayakushika. Yaliteleza juu ya vanishi, naye akateleza pamoja nayo. Jua liliposhuka akaenda bila kunywa chai, kwa sababu hajawahi kunywa chai kabla ya kumaliza kazi.

Jumamosi iliyofuata ikawa hivyo hivyo.

"Mzee, ng'oa hiyo kitu," Wilkista, jirani, alisema mlangoni. "Mama wa watu anatoka kote huko aje kuteleza hapa kama ndama?"

"Na kifua changu?"

"Kifua utakivalisha sweta. Bibi utamvalisha nini?"

Ooko naye alimwonya: ukizing'oa zitapasuka, hazirudi tena. Kipkurui akabaki anapima, joto upande huu, Rodah upande ule.

Akiwa bado anapima, Isaiah akaja na wageni kuwaonyesha sakafu. Wakamkuta Rodah amepiga magoti.

"Chamgei, mama," Isaiah alimsalimia. "Waambie wageni, sakafu iko aje?"

"Iko na joto. Iko safi," Rodah alisema. "Ila haishiki."

"Hiyo tutaiangalia."

Wageni walitingisha vichwa. Isaiah akawaambia kwamba sasa mradi unahamia chini ya shule ya msingi, pale watoto wanavukia mto. Mianzi ya huko ni minene zaidi. Wakapanda gari, wakaenda.

Kipkurui alichukua jembe, akang'oa ubao wa kwanza, halafu wa pili. Mbao ziliposhikamana sana alizipasua. Baridi ya udongo ikapanda, akaanza kukohoa. Rodah alikandika pale palipokuwa wazi, na mavi yakashika. Akanawa mikono, akakaa, akanywa chai yake yote.

"Baba Chepchirchir," akamuuliza mumewe, akiweka kikombe chini, "na ule ukingo wa shule, wakimaliza kukata, utashikwa na nini?"

Kipkurui alimpelekea mwenyekiti swali hilo. Akalipeleka kwa chifu. Akalipeleka mpaka Bomet mjini, akaambiwa akae kwenye benchi, mkubwa ametoka kidogo. Kule chini ya shule mapanga yameanza kulia, na kila Jumamosi Rodah, akishakunywa chai, anauliza tena: utashikwa na nini?