Barieri Katika Mshipa wa Apollinarie

Asubuhi ya Jumanne, umeme uliporudi, Daktari Hyacinthe alinawa mikono, akavaa glavu, akamlaza Apollinarie chali katika chumba cha picha, uso umegeuzwa kushoto. Muuguzi Wema akamfunika mgonjwa kitambaa cha kijani. Nje kwenye benchi, Délice, binti wa Apollinarie, alikuwa amepakata sahani ya ugali na ndagala, dagaa wa ziwani, iliyokwisha kupoa. Hospitali hiyo iko Uvira mjini, na jina lake tuliache, maana inajijua.

Apollinarie alikuwa mkulima wa mpunga wa Bwegera. Figo zake zilikuwa zimekufa zote mbili, na aliishi kwa mashine ya kusafisha damu. Mashine hiyo inataka mpira mnene unaoingia shingoni na kufuata mshipa mkubwa mpaka karibu na moyo. Mipira aliyowekewa zamani ilikuwa imeziharibu njia. Mishipa ya mapajani ilikuwa imeziba kama mlango wa duka lililofilisika, na wa shingo upande wa kushoto vilevile. Ulibaki wa kulia, nao ulikuwa umebanwa mahali fulani, hata mkono na uso vikavimba. Huo usipopitika, basi. Apollinarie alilijua hilo kuliko wote, kwa sababu kifua chake kilikuwa kinajaa maji na kulala chali namna ile kulikuwa mateso.

Daktari alimchoma ganzi, akapitisha waya mwembamba, akamwaga dawa ya kuonyesha njia, akatazama kioo cha picha. Waya ulishuka vizuri. Ulipofika nyuma ya mfupa wa mtulinga, karibu na bega, akausimamisha.

“Munganga, umesimama sababu ya nini?” Apollinarie alimuuliza daktari chini ya kitambaa.

“Iko barieri, mama.”

“Aa,” akasema Apollinarie.

Wema aliinama naye akaiona. Pale mshipa ulipobanwa palikuwa na kamba iliyofungwa kwenye mti upande huu na mti upande ule, jiko la makaa, viti vya plastiki, na wanaume wawili wenye sare isiyosema ni ya nani. Hakuna aliyeshangaa. Barieri ni kizuizi cha barabarani, na aliyesafiri bonde la Ruzizi ameona barieri nyingi kuliko madaraja.

Sasa hapa msomaji atulie, maana hapa ndipo nilipokasirika na mpaka leo sijapoa. Kamba ilikuwa chini. Imelegea, imelala. Wanaume wale walikuwa wanakoroma, mmoja kinywa wazi. Waya ulikuwa mwembamba, njia ipo, na mgonjwa anatafuta pumzi. Mtu mwingine yeyote duniani angepita zake kimyakimya. Lakini Hyacinthe, mwenye diploma ndani ya fremu, ni mtoto wa huku kwetu. Tangu utotoni amefundishwa kwamba penye barieri mtu husimama. Basi akasimama, akaurudisha waya nyuma kidogo kwa adabu, akakohoa.

Hawakusikia. Akakohoa tena!

Mmoja akaamka, akapangusa mate, akaivuta kamba ikakaza. Kwenye kioo mshipa ukajikunja papo hapo, na Apollinarie akaguna.

“Weye, unaenda wapi?” Sauti ilitokea kwenye sindano, nyembamba, yenye usingizi.

“Niko naenda kwa moyo, shefu.”

“Unabeba nini?”

“Mupira tu, shefu. Ya mugonjwa.”

“Na sisi hapa, tunakunywa nini?”

Daktari akamwinamia mgonjwa na kumweleza kwamba wakubwa wanaomba matabishi, yaani kitu kidogo, kikombe kimoja cha damu kila siku ya mashine. Alisema “wanaomba”. Apollinarie hakuwa na pumzi za kubishana.

“Bape,” alikubali wapewe. “Minye niko nakosa hewa.”

Kamba ikashushwa, mpira ukapita. Siku ileile mashine ilizunguka, maji yakatoka kifuani, uvimbe ukaanza kushuka. Jioni Apollinarie alikula ndagala kwa mkono wake mwenyewe, na Délice alilia kwa furaha mpaka wagonjwa wa jirani wakamcheka. Daktari alipongezwa na wenzake. Walisema ana mkono mwepesi, tena anajua kuongea na watu.

Wema peke yake alikuwa na swali. Kabatini kulikuwa na puto dogo, zawadi ya wafadhili, lililotengenezwa kwa kazi hiyohiyo: unalifikisha mahali palipobanwa, unalijaza, mshipa unafunguka. Lilikuwa bado kwenye karatasi yake.

“Na ile puto, munganga?”

“Wema, dada yangu, ukivunja barieri leo, kesho wanarudi na hasira. Hawa tumeshazoeana nao.” Akavua glavu. “Heri nusu shari kuliko shari kamili.”

Methali nzuri sana hiyo. Imezika watu wengi mjini kwetu.

Basi maisha yakaendelea. Kila siku ya mashine wale wawili walipokea kikombe chao kabla ya damu kwenda kokote. Apollinarie, mwanamke mwenye malezi, alianza kuwasalimu. “Habari ya kazi, ba shefu,” angesema akiweka kidevu kifuani, na wao wangeitikia kutoka begani kwamba kazi inaendelea kwa neema ya Mungu. Wakichelewa kupewa, kamba ilikazwa na macho yake yakawa mekundu. Wakinywa, ilishushwa. Walinenepa. Wakaezeka kibanda cha bati, kwa sababu, walisema, mvua. Wapi na wapi mvua ndani ya mshipa! Lakini hakuna aliyeuliza, na picha iliyofuata ilionyesha bati likimeremeta.

Aliyechoka kwanza alikuwa Délice. Alimwona mama yake anapauka viganja, anapanda ngazi kwa kushika ukuta, anasinzia katikati ya sentensi. Akafunga kitenge vizuri akaenda ofisini, mlango wa wanaoshughulikia barieri zisizo halali.

“Hii damu iko ya mama yangu,” aliwaambia. “Haiko ya serikali, haiko ya muntu.”

Walimsikiliza kwa heshima. Wiki ile ikafika kamati nzima, wanaume wa tai na mama mmoja wa wigi, wakajipanga mbele ya kioo. Mkubwa wao alisema kwamba jambo hili ni aibu. Alilisema mara mbili, mara ya pili akitazama kamera ya simu. Barieri ile, alitangaza, si halali, na itaondolewa mara tu uchunguzi utakapokwisha. Ili kuusimamia uchunguzi, kamati iliweka kituo chake hatua chache chini zaidi, karibu na moyo: pipa lililopakwa rangi, gogo, bendera, na vijana watatu wenye filimbi. Vijana wale nao walikunywa.

Hivyo vikawa vikombe viwili. Wale wa barieri ya juu wakaona wamevunjiwa heshima, wakaongeza chao kikawa birika.

Daktari Hyacinthe aliulizwa tena habari za puto. Akasema kwamba sasa jambo liko mikononi mwa wakubwa, na mtu hawezi kupuliza puto katikati ya uchunguzi.

Délice aliingia wodini siku hiyo kwa ghadhabu. Alisimama kando ya kitanda, akainama mpaka mdomo wake ukagusa bega la mama yake, akapiga kelele: “Tokeni! Wezi nyie! Tokeni mu mama yangu!”

Kamba ikakazwa. Apollinarie akavimba shingo, akamshika binti yake mkono kwa nguvu zilizobaki.

“Nyamaza, mwanangu. Omba msamaha.”

“Mama!”

“Omba msamaha, utanifungia njia. Minye nataka kuona mavuno.”

Délice akaomba msamaha. Aliliomba bega la mama yake, huku machozi yakimdondokea kwenye plasta, na sijui kama kuna fedheha kubwa kuliko hiyo ambayo binti anaweza kufanyiwa. Kamba ikalegea.

Apollinarie hakuyaona mavuno. Alikufa akiwa kwenye mashine, Alhamisi, baada ya chai ya asubuhi. Damu ilitoka, ikapita vituo vyote, na iliyobaki haikutosha kurudi. Daktari aliwasha kioo ili athibitishe. Wale wa juu na wale wa chini walikuwa wamesimama, kofia mikononi. Njia ilikuwa wazi toka shingoni hadi moyoni, pana, safi, na hakuna kilichopita.

“Wana ubinadamu,” alisema Daktari Hyacinthe. Wema alitoka nje.

Délice alikodi gari la kumrudisha mama yake Bwegera. Jeneza liliwekwa nyuma, na kando yake mchele wa kuwalisha watu wa matanga. Kabla ya mashamba kuanza, gari lilisimama. Palikuwa na kamba, jiko la makaa, na mwanaume mnene mwenye mashavu mekundu, sare yake haisemi ni ya nani. Sauti yake Délice aliijua. Alikuwa ameisikia kutoka begani mwa mama yake.

Mwanaume alizunguka gari, akavua kofia, akaweka kiganja juu ya jeneza.

“Pole sana, dada,” alisema, na macho yake yalilengwa na machozi ya kweli. “Huyu mama tulimujua. Alikuwa mutu wa heshima. Hakutusumbua hata siku moja.”

Délice alitaka kumtemea mate. Mate yalikuwa tayari mdomoni. Lakini jua lilikuwa kali, maiti ilihitaji kufika, na kamba ilikuwa imekazwa.

“Asante, shefu,” alisema, akameza, akateremsha gunia la mchele.