Ziwa la Kushoto

Ziwa la kushoto la Minza lilianza kuuma Jumamosi, na kufikia Jumapili jioni alikuwa ameshajua ni nani kasababisha. Hakuhitaji mganga wala mpiga ramli. Aliangalia tu upande wa pili wa ua, akamwona Rhoda kakaa mlangoni kwake, kanyoosha miguu, ananyonyesha binti yake huku anatafuna karanga, hana shida hata moja duniani. Minza akasema moyoni: ni huyu.

Rhoda alikuwa mke mdogo wa Limbu. Aliletwa mwaka jana mwezi wa tatu kutoka Nassa, kwa wavuvi, baada ya Minza kukaa naye pale Nkoma miaka saba bila kushika mimba. Minza mwenyewe alikubali. Alisema "mlete" kwa sauti kavu, maana angesema nini? Halafu tazama mambo: Rhoda hajamaliza hata miezi miwili, tumbo hilo. Na kabla watu hawajachoka kumpongeza, Minza naye akashika. Esteria wa Rhoda alizaliwa Januari, Mayige wa Minza akazaliwa Machi. Mtoto wa kiume, mzito, mwenye masikio ya baba yake. Ungedhani mama yake angetosheka.

Hakutosheka hata kidogo. Alimwonea wivu Rhoda kwa mambo makubwa na kwa mambo ya kipuuzi. Alimwonea wivu kwa sababu alikuwa na miaka ishirini na mbili. Alimwonea wivu kwa sababu akipika sato, Limbu alilamba vidole mpaka kiganjani, na akila mlenda wa Minza alinawa haraka kama mtu anayewahi gari. Hata kicheko cha Rhoda kilimkera, kwa kuwa kilimfanya mama mkwe wao, Mayu Philomena, naye acheke, na mama huyo kwa miaka saba hakuwahi kuona la kuchekea nyumbani kwa Minza.

Lakini kilichomtoa roho ni pamba. Mtu wa samaki, ambaye kabla ya kuolewa hakuwa ameshika hata mche mmoja wa pamba, msimu huu alikuwa anachuma kwa mikono miwili kama kazaliwa shambani. Minza akifika katikati ya tuta, Rhoda ameshageuka anarudi. Mayu Philomena alikaa kivulini pembeni ya shamba na watoto wote wawili, akitenga pamba safi na fifi, ile chafu, na kila mara akipaza sauti ilikuwa ni, "Huyu Rhoda huyu! Mmemwona huyu?"

Limbu alikuwa amewanunulia vitenge viwili Bariadi, rangi moja, wavifanye mifuko ya kuchumia. Rhoda alifunga chake kiunoni, kikaning'inia kama tumbo. Minza aliona kikikaa hivyo kinapigapiga mapaja na kumchelewesha, basi akakipandisha juu. Akakipitisha kifuani, chini ya kwapa, fundo upande wa kushoto, akakaza. Mfuko ukatulia na mikono ikawa huru. Siku ile ya kwanza alibakiza hatua kumi tu kumfikia Rhoda.

Rhoda alimwangalia. "Dada, umekaza sana huko juu. Utajiumiza ziwa."

Ahaa, Minza akawaza, umeona nakufikia, sasa unanihurumia. Akafungua fundo mbele ya macho yake, akakaza zaidi. Na Mayige alipolia kivulini, akamjibu kwa mbali kwamba mama anakuja, akamaliza kwanza tuta. Kisha akamaliza na la pili.

Basi Jumamosi ziwa likaamka gumu. Ndani yake, upande wa nje, kulikuwa na donge kama karanga yenye maganda, na ukiligusa maumivu yalipanda mpaka shingoni. Jumapili ngozi ikawa nyekundu na moto. Mayige akivuta upande ule, Minza aliuma khanga asipige kelele.

Mayu Philomena alilikagua ziwa kama anavyokagua kiwele cha ng'ombe, kwa macho ya karibu na bila haya. "Mtoto kakubeulia," akasema. "Amecheua akiwa na chuchu mdomoni. Maziwa yameoza humo ndani. Usimpe tena, mpaka yasafike."

Akaleta kitana cha mti, akalichana lile ziwa kutoka juu kwenda chini, kama wanavyochana wanawake wote wa pale tangu enzi. Minza alitoa machozi. Donge halikusogea. Kesho yake likawa kama yai la kanga, na ziwa la kulia, likibaki peke yake, halikumtosha mtoto mlafi kama Mayige. Akalia asubuhi nzima.

"Mpe Rhoda amnyonyeshe," Mayu akasema. "Yeye anayo mengi mpaka anamwaga."

Hapo ndipo Minza alipojua kwamba maumivu ya ziwa yalikuwa madogo. Rhoda alimpokea Mayige bila neno, akamweka kifuani, na yule mtoto, mtoto wake wa miaka saba ya kusubiri, akanyamaza papo hapo. Minza alisikia anavyomeza. Gulp, gulp, gulp, bila aibu. Kimkono chake kikawa kinapapasa shingo ya Rhoda, kinachezea shanga zake. Alipomaliza akamtazama Rhoda usoni akatabasamu, na Minza akahisi kama amepigwa kofi. Amechukua mume nusu, akawaza, amechukua mama mkwe mzima, sasa anachukua na huyu.

Jioni ile, wakipeta mtama wawili peke yao, Minza akamwambia Mayu Philomena. Hakupiga kelele. "Mayu, hili ziwa si la kubeuliwa. Nimetupiwa jicho. Na aliyenitupia tunakula naye."

Mama mkwe aliacha ungo. Alipenda kucheka na Rhoda, lakini kitu kama hicho hakikuwa cha kuchekea. "Una uhakika?"

"Alilitazama ziwa langu shambani, akalitaja kwa mdomo wake kwamba litaumia. Siku mbili baadaye likauma."

Limbu alikuwa Kimali, kwa mjomba wake, alikowapeleka ng'ombe kutafuta malisho. Angerudi Alhamisi. "Atalisikia akifika," Mayu akasema. "Kama ni kweli, atarudi kwao Nassa, yeye na mtoto wake. Mimi siwezi kulala na mtu wa namna hiyo uani kwangu."

Minza alirudi ndani na moyo unaruka. Atarudi kwao Nassa. Alilirudia neno lile usiku kucha, na lilimpa nafuu kuliko kitana.

Alhamisi ilikuwa siku ya kupima watoto zahanati. Minza aliamka na homa, lakini akaenda, kwa sababu kadi ya Mayige ilikuwa haijarukwa hata mwezi mmoja. Nesi, mama mmoja mnene anayeitwa Domitila, alimpima mtoto, akamtazama mama yake anavyotembea kwa kuinamia upande mmoja, akamvuta nyuma ya pazia.

"Vua."

Alilitazama ziwa kwa muda. Hakuligusa kwanza. Alikuwa anatazama kitu kingine: mstari mwembamba wa ngozi iliyochubuka, uliotoka chini ya kwapa ukapita juu ya lile donge.

"Hapa unafunga nini?"

"Wapi?"

"Hapa, mama. Kitu kimekaza hapa siku nyingi. Mtoto unambeba mgongoni kwa kamba?"

Minza alianza kusema hafungi kitu, halafu akakumbuka kitenge. Domitila akampa shuka. "Nionyeshe." Minza akalipitisha lile shuka kifuani, chini ya kwapa, fundo likaangukia palepale kwenye donge, kama vile lilikuwa na makazi yake.

"Unachuma pamba," Domitila akasema, na hakuwa anauliza. "Kila msimu nawapata wawili watatu. Maziwa yana njia zake humo ndani. Umeiziba njia kwa nje, na mtoto hukumpa kwa wakati, yakakaa. Hayajaoza. Na hiki kitana nani alikipitisha hapa? Mmevimbisha zaidi."

Akampa dawa ya maumivu, akamweleza taratibu: kitambaa cha maji ya vuguvugu kabla ya kunyonyesha, vidole vilainishwe kwa mafuta vipapase polepole kuelekea kwenye chuchu, asikandamize, asifinye. Mtoto aanze upande ule unaouma, na alazwe hivi, kidevu chake kielekee penye donge, maana anavuta zaidi penye kidevu. "Homa ikipanda, usisubiri. Panda gari uende hospitali Bariadi."

Wakajaribu hapohapo. Mayige alilitazama ziwa, akageuza kichwa. Alikuwa ameshiba. Rhoda alimnyonyesha alfajiri, na Minza akalazimika kusema hivyo.

"Huyo anayekusaidia," Domitila akasema, "mwombe amwache leo. Huyu mtoto lazima aje na njaa. Hakuna dawa ninayoweza kukupa inayofanya kazi kuliko mdomo wake."

Njiani kurudi Minza alitembea polepole kuliko homa ilivyomlazimisha. Kumbe Rhoda alilitaja ziwa kwa sababu aliliona linaumia. Alimwambia. Alimwambia kabisa, kwa Kiswahili kinachoeleweka, na yeye akakaza fundo. Ungefikiri alijisikia vibaya; alijisikia, lakini juu ya hayo alimchukia Rhoda zaidi kwa kuwa alikuwa sahihi.

Rhoda alikuwa anafagia. "Mwangaluka, dada. Wamesemaje?"

"Mhola. Wamesema..." Akamrekebisha Mayige mgongoni. "Wamesema leo usimnyonyeshe. Hata akilia."

Rhoda alimtazama, akatazama ziwa lake, akaelewa. "Basi mimi niondoke kabisa, dada, maana akinisikia harufu hatakubali ya kwako. Nakwenda kisimani. Nitachelewa makusudi." Akamfunga Esteria mgongoni, akachukua ndoo akaondoka. Hakujua lolote kuhusu jicho. Alikuwa hajaambiwa bado.

Saa ya kwanza Mayige alinung'unika. Ya pili akalia. Ya tatu alikuwa anapiga mayowe mpaka Mayu Philomena akatoka nje kuona anauawa nani. Minza alichovya kitambaa, akaweka, akapaka mafuta, akapapasa kama alivyoonyeshwa. Akamlaza mtoto kwa kumgeuza, kidevu kikielekea kwapani. Mayige alikamata ziwa kwa hasira za njaa yote ile.

Maumivu yalimfanya aone nyota mchana. Akahesabu pumzi. Kisha, ghafla, ndani ya lile donge kitu kikaachia. Alikisikia kikishuka, moto, na Mayige akashtuka, akakohoa, akaanza kumeza. Gulp, gulp. Minza alilia kwa sauti bila kuona haya. Aligusa kwa kidole: yai lilikuwa limekuwa karanga, na karanga ilikuwa inayeyuka.

Hivyo ndivyo Limbu alivyomkuta alipoegesha pikipiki, bado na vumbi la Kimali kwenye nyusi. Mayu Philomena hakumpa hata maji. Alimweleza yote pale uani, amesimama, kwa sauti ambayo majirani wangeweza kuisikia bila kujisumbua. Akamalizia kwa kunyoosha kidole kwa Minza.

"Na uone mwenyewe! Siku tano ziwa jiwe. Leo huyo Rhoda ametoka tu mlangoni, limefunguka. Amejua tumemjua, ameachia."

Nyuma yake, kwenye mwanya wa ua, Rhoda alikuwa amesimama na ndoo kichwani. Alikuwa amesikia. Maji yalikuwa yanamwagika kidogokidogo begani kwake na kumlowesha Esteria, na hakuyafuta.

"Minza," Limbu akasema. "Ulisema hivyo?"

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo palipokuwa pagumu. Hakutakiwa kusema uongo wowote. Alitakiwa kunyamaza tu, anyonyeshe mtoto wake. Mama mkwe alikuwa ameshamaliza kazi yote. Kesho asubuhi Rhoda angekuwa kwenye gari la Lamadi, njia ya kwao, na masufuria yake, na ua ungekuwa wake, na Limbu, na sifa za shambani, na kimya chote. Alikitaka kitu hicho. Alikitaka kama mtu mwenye kiu, na kilikuwa mkononi.

Mayige aliachia chuchu akacheua. Minza alimweka begani, akaingia ndani, akatoka na kitenge cha kuchumia. Akampa Limbu mtoto. Akakifunga kile kitenge mbele yao wote, kifuani, chini ya kwapa, akakaza mpaka akakunja uso.

"Nilifunga hivi," akasema, "nimpite Rhoda kuchuma. Alinikataza, nikakaza zaidi. Nesi ameona alama. Hakuna jicho. Nilisema hivyo kwa wivu."

Mayu Philomena aliokota ungo ambao haukuwa na kitu. Limbu alimwangalia mtoto mikononi kama ndiye angemwambia la kufanya. Rhoda alitua ndoo, akaifunika vizuri, akaingia kwake.

Waliendelea kuishi. Rhoda hakurudi Nassa wala hakununa. Alisalimia asubuhi, alipika zamu yake, hata kucheka alicheka. Jumatatu walikuwa wote shambani, mifuko yote miwili viunoni. Rhoda alimpita kabla ya saa nne na ilimuuma Minza vilevile, hilo halikupona kwa maji ya vuguvugu.

Mayu Philomena alikuwa amekwenda chooni Mayige alipoanza kulia kivulini. Minza alikuwa mbali, mwisho wa tuta. Rhoda alikuwa hatua tatu tu kutoka kwa mtoto. Mayige alimwona, akamnyooshea mikono, akalia kwa ile sauti ya kuomba.

Rhoda alisimama, akaweka mikono nyuma.

"Dada!" akaita. "Mwanao analia."

Minza alikimbia, pamba ikimwagika njia nzima, na tuta halikuwahi kuwa refu namna ile. Alipofika, Rhoda alikuwa bado amesimama palepale, mikono nyuma, anamtazama mtoto ambaye hakumgusa.