Mabano ya Mwalimu Generosa

Thobias Mihayo aliingia ofisini Shinyanga na miwani ya jua usoni, ndani ya nyumba, na hapo hapo Generosa Bujiku akamaliza kazi ya kumdharau. Hakuhitaji siku ya pili. Mtu amesoma kompyuta Dar es Salaam miaka miwili, basi anatembea kama vile umeme wa mji mzima unatoka mfukoni mwake. Kha!

Generosa alikuwa amefundisha hesabu Samuye miaka tisa kabla kampuni ya mgodi haijamchukua, mwaka tisini na tano, aitunze kompyuta yake moja. Ndiyo maana wote walimwita Mwalimu. Programu ya orodha ya zamu aliiandika mwenyewe, kwa kitabu cha kuazima. Kila Jumamosi ilichapa majina ya watu wanaoruhusiwa kushuka duarani, lile shimo la mgodi kule Rwamgasa, wiki inayofuata. Sharti lake lilikaa kwenye mstari mmoja, ambao kwa Kiswahili ungesomeka hivi: (cheti au barua) na kifua. Yaani mtu awe na cheti cha kuchoronga mwamba, au kama hana, barua ya msimamizi. Na iwe iwavyo, daktari awe amekipitisha kifua chake. Ambaye kifua chake hakijapita, hashuki, hata awe nani.

Na katika watu wote wa Rwamgasa, mmoja ndiye aliyemsumbua roho: mdogo wake, Mageni. Mageni alikuwa na cheti kizuri na kifua kibovu. Mwezi wa tatu picha ya eksirei ilionyesha vumbi na kidonda kwenye pafu, daktari akamwambia akishuka tena asimlaumu mtu. Kumkataza Mageni kwa mdomo ni kujichosha, kichwa kigumu tangu anazaliwa. Mwishowe wakapatana.

"Dada, sitaki kelele zako," alimwambia. "Jina langu likiwa kwenye orodha nashuka. Lisipokuwepo nakaa juu, nanoa patasi."

"Unaahidi?"

"Naahidi."

Akatimiza. Miezi minne alikaa juu akinoa patasi na kununa, na kikohozi kikaanza kupungua.

Jumatatu ile Thobias, aliyeletwa na kampuni kuiboresha programu, akaifungua, akacheka kwa pua.

"Mwalimu, mabano yote haya ya nini? Unaifundisha mashine kusoma kama mtoto wa darasa la pili?"

"Yanaonyesha nini kinakwenda na nini."

"Mashine inajua. Mabano ni ya watu wasiojiamini."

Akayafuta. Mbele ya macho yake! Akayafuta mabano ya sharti, kisha majina yote aliyoyaandika Generosa kwa urefu, cheti, barua, kifua, akayakata yakabaki herufi moja moja, mpaka ukurasa uliokuwa unasomeka ukawa kama mbu waliopigwa ukutani.

"Ona! Kurasa tatu zimekuwa moja. Hii sasa ndiyo programu."

"Ukiyatoa, itashughulikia 'na' kabla ya 'au'," Generosa alisema. "Itaunga barua na kifua, cheti kibaki peke yake. Mwenye cheti atapita bila kuulizwa kifua."

"Inasoma kushoto kwenda kulia, mama. Lugha niliyosomea mimi ilisoma hivyo."

Aliyosomea yeye! Kama vile dunia ina lugha moja ya kompyuta, nayo ndiyo aliyokutana nayo bwana Thobias. Kalkuleta ya dukani kwa Jashvant, ukibonyeza mbili jumlisha tatu mara nne, inakupa ishirini. Ile ya shuleni inakupa kumi na nne, kwa sababu inazidisha kwanza. Watoto wa Samuye, miguu peku, walilijua hilo. Kila mashine ina utaratibu wake, na ndiyo maana mtu mwenye akili timamu anaweka mabano, asimwache anayesoma abahatishe. Generosa akafungua mdomo amweleze. Kisha akamwona anafuta miwani yake kwa ncha ya tai, akaufunga.

Kwa nini amsaidie? Ijumaa bwana Nkwabi, meneja, angekuja kuiona kazi ya mtaalamu. Generosa angemwanika Thobias hapo hapo mbele ya watu. Orodha haichapwi hadi Jumamosi, hakuna wa kuumia.

"Haya, wewe ndiye fundi," akamwambia kwa sauti tamu kabisa.

Siku tatu akaisubiri aibu ya Thobias kama mtu anayesikia harufu ya pilau ya sikukuu. Alishajipangia hata maneno. Angemwambia asome mstari ule kwa sauti, kisha angesema, "Hapo ulipopumzika, baba, mashine haipumziki." Kila akiyakumbuka alicheka peke yake. Jinga kabisa lile.

Alhamisi asubuhi redio ya mgodini ikakoroma. Alikuwa Marwa, msimamizi wa zamu.

"Mwalimu, ahsante kwa orodha mpya. Imefika jana na gari la vipuri. Imetuongezea watu kumi na mmoja, na tulikuwa tumepungukiwa kweli. Ova."

"Orodha gani?"

Akageuka. Thobias alikuwa anatabasamu.

"Niliichapa Jumanne ulipokwenda kula. Nilitaka meneja akija akute inafanya kazi tayari. Kwani vipi?"

Generosa alikibana kile kitufe cha redio mpaka kucha ikawa nyeupe. "Marwa, Mageni yuko wapi?"

"Yuko chini. Jana alichoronga zamu nzima, na leo kashuka wa kwanza. Alivyofurahi huyo! Ova."

"Mtoe! Watoe wote kumi na mmoja, sasa hivi!"

Kumi walipanda wenyewe. Mageni alivutwa kwa kamba, kola ya shati ikiwa nyekundu.

Thobias alikuwa amevua miwani. Macho yake, kumbe, yalikuwa ya mtu wa kawaida tu, tena mwenye hofu. "Mwalimu, naapa sikujua."

Yale maneno aliyojipangia kwa Ijumaa Generosa aliyatafuta, hakuyapata.

"Mimi nilijua," akasema. "Tangu Jumatatu. Ningeweza kuyarudisha mabano mwenyewe, kazi ya dakika moja."

Kesho yake jioni alifika hospitali na vumbi la njia nzima kwenye nguo. Daktari akamwita pembeni, akamwambia pafu lile limekwisha na lingine linalifuata, asihesabu miezi. Mageni alikuwa ameegemezwa mito, anavuta hewa kidogo kidogo. Alipomwona dada yake akainua kidole, kama mwanafunzi anayetaka kujitetea.

"Sikuvunja ahadi, dada. Jina lilikuwepo. Wenzangu waliniambia nihakikishe... nikawaambia hapana. Orodha ni ya dada yangu. Asingeniweka kama haijakaa sawa."

Akamngoja aseme kitu. Generosa akachukua kitambaa, akamfuta mdomo, akakikunja upande wenye damu ukae ndani.