Silabi za Bi Somoe

Mustafa, mwana pekee wa Bi Somoe wa Mikindani, alikuwa baharia katika meli ndogo ya kupeleka ng'ombe na vitunguu Komoro. Safari ya mwisho injini ilishika moto. Meli kubwa iliyopita iliwaokota walioungua, ikawashusha kisiwa cha Reunioni, ambako watu husema Kifaransa. Wakala wa meli alimpa Bi Somoe namba ya hospitali. Kila alipopiga, alisikia maneno asiyoyaelewa, kisha simu ikakatwa.

Akamwendea mpangaji wake, Mwalimu Jesca, aliyekuwa akifundisha Kifaransa sekondari.

"Nitaongea mimi, Mama," alisema Jesca.

"Hapana, mwanangu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nifundishe niseme mwenyewe."

Wakakaa barazani. Jesca akaandika kwa chaki sakafuni, akiyakata maneno: *je – suis – sa – mère*. Mimi ni mama yake. Bi Somoe akasoma, na neno la mwisho akalitamka "mere".

"Ishia kwenye r, Mama. Hiyo e ya mwisho haitamkwi."

"Sasa wameiandikia nini?"

Jesca akaifuta hiyo e kwa kidole. Wakaingia *mon fils*, mwanangu. Hapo l ndiyo isiyo na sauti: *fis*. Bi Somoe akawa analirudia hata akimenya mihogo.

Kesho yake asubuhi wakapiga. Bi Somoe aliishika simu kwa mikono miwili.

"*Je suis sa mère*," alisema, silabi kwa silabi. "*Mon fils*, Mustafa."

Upande wa pili alikuwa muuguzi. Akajibu kwa upole, naye akiyakata maneno ili mama asikie.

Bi Somoe akamgeukia Jesca. "Anasema *dé-cé-dé*. Hilo hatukulisoma."

Jesca akafungua kinywa, machozi yakatangulia. Mama hakuhitaji tafsiri.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," alisema. Kisha akaomba, "Nitamkie, niulize kama kazikwa Kiislamu."

Jesca akamnong'oneza silabi moja moja, naye akazifikisha. Jibu likaja, Jesca akiwa ametega sikio kwenye simu akalitafsiri: imamu wa huko alimswalia Mustafa, naye akazikwa makaburi ya Waislamu. Na alipokata roho, muuguzi huyohuyo alikuwa amemshika mkono.

Bi Somoe akaingia ndani, akatoa majamvi. Majirani wakaanza kufika. Jesca, Mkristo wa Kagera, akajifunga khanga akaenda kuchota maji ya wafiwa.