Chatu wa Wening na Kilele cha Wali

Programu ya kompyuta ya mzee Pak Sarjono ilikuwa ndefu hivi kwamba ilipochapwa, mjusi mmoja aliingia kwenye printa akiwa kijana, akatoka na wajukuu. Ndivyo wanavyosimulia pale kwenye ushirika wa maziwa, Boyolali, kisiwani Java, na nani abishe?

Kazi yake ilikuwa kuyapangia malori njia. Siku ya Pahing ya kalenda ya Kijava, inayorudi kila siku ya tano, mnada wa ng'ombe huziba barabara ya mlimani, na lori lisilo na habari hufikisha mtindi badala ya maziwa. Pak Sarjono aliiandika kwa lugha ya kompyuta iitwayo Java, na kila kitu humo kilitangazwa jina, aina na ukoo kabla ya kuruhusiwa kufanya lolote. Aliipenda kama nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, pamoja na vile vyumba visivyo na madirisha.

Kisha akaja Wening, msichana wa Jakarta, akaiandika kazi ileile kwa lugha nyingine, Python, yaani chatu. Ikaenea kwenye ukurasa mmoja tu. Ilisomeka kama mtu anayemwelekeza mgeni: leo ikiwa Pahing, pita bondeni. Hata mpishi wa ofisi aliielewa.

Pak Sarjono aliisoma, akakisukuma kando kikombe cha chai.

"Nduk," alimwita, kama mzee amwitavyo binti, "lugha yenye jina la kisiwa chetu ipo, nawe unatuletea chatu?"

"Chatu hana miguu, Pak. Hapotezi muda kuvaa viatu."

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Pak Sarjono naye akacheka, kwa jino moja tu.

Bu Endang, mama aliyekuwa meneja wao, akatangaza kwamba Ijumaa kutakuwa na tumpeng, ule mlima wa wali wa manjano, kuizindua programu ya Wening. Kilele hukatwa kwanza na kupewa anayestahili heshima. Miaka yote kilikuwa cha Pak Sarjono, na hiki nacho alikitaka, tena kwa kazi yake, si kwa umri.

Akaupa mgongo mlo wa mchana, akauchambua ule ukurasa akitafuta kosa. Akalipata! Kwa Wajava siku huanza jua linapozama. Ng'ombe wa mnada huteremka tangu jioni ya kuamkia Pahing, kwa hiyo maziwa ya jioni hiyo nayo lazima yapite bondeni. Jambo hilo lilimlia yeye kurasa na kurasa. Kwa Wening hakuona kitu. Hakumwambia. Akaliatamia lile kosa kama kuku.

Ijumaa, kisu kikiwa hewani, akasimama.

"Bu, subiri kidogo. Nduk, hebu tuambie, maziwa ya jioni ya kuamkia Pahing yanapita wapi?"

"Bondeni, Pak."

"Umeandika wapi?"

Wening akageuza kompyuta, akagusa mstari mmoja mfupi kama kidole chake: jua likizama, ongeza siku moja. Macho ya Pak Sarjono, yaliyozoea kurasa, yalikuwa yameuruka kama kokoto.

Bu Endang akakata kilele, akampa Wening. Wening akainama, akakipeleka kwa mikono miwili hadi mbele ya Pak Sarjono.

"Wewe ndiye mkubwa wetu, Pak."

Heshima ya mvi! Afadhali angemtukana.

"Habari ya jioni umeijulia wapi," akanong'ona, "nanyi watu wa Jakarta mnalala taa zikiwaka, hata machweo hamyaoni?"

"Kwenye programu yako. Nimeisoma yote."

"Yote?"

Hakuna aliyewahi kuisoma yote. Hata yeye mwenyewe huruka katikati. Moyo ukamlainika, kwa muda wa kumeza punje moja ya wali. Kisha akaelewa: binti ameikunja nyumba yake nzima, akaitia mfukoni. Wivu ukarudi umekolea.

Akala kilele chote bila kumgawia mtu, mpaka pilipili iliyochomekwa juu yake, na machozi yalipomtoka akaisingizia yenyewe.

"Jumatatu," akasema akijifuta mdomo, "umlete huyo chatu mezani kwangu. Nataka nimhesabu meno."